Siku Kumi na Nne za Paja la Albina

Wodini kwetu walinibatiza jina: Sista Ng'oa. Walidhani sijui. Nilijua tangu mwaka wa kwanza, na wala sikuchukia, maana nililiona kama cheo. Gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, ikigandia mimi sikuibembeleza. Nililowesha kidogo, nikashika ncha kwa kibano, nikavuta. Mgonjwa apige kelele, amwite mama yake, mimi nimeshamaliza na niko kitanda kinachofuata. Naitwa Coleta, nesi wa vidonda kwa miaka ishirini na sita katika hospitali moja ya hapa Sumbawanga, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukuta kidonda changu kichafu. Hilo hata adui yangu atakuambia.

Aliyenivua cheo ni mzee mmoja, Maximilian, mkulima mpole kabisa. Aliungua mguu, akapandikizwa ngozi iliyotolewa pajani. Kwa asiyejua, kazi yenyewe iko hivi: daktari anapaa ngozi nyembamba ya paja kama unavyomenya kiazi, anaibandika kwenye kidonda kikubwa, nacho kinapona. Lakini pale pajani panabaki kidonda kipya, chekundu, kinachovuja, na kinauma kuliko kile cha kwanza. Hicho hakihitaji kubandikwa kitu. Kikiachwa kwa amani kinajiotea ngozi chenyewe kwa wiki mbili. Cha mzee Maximilian mimi nilikifunika gozi kavu, na kila asubuhi nikaing'oa, na kila asubuhi ngozi changa iliyokuwa inaanza kuota ikatoka na gozi. Mguu ukapona. Paja likakaa wiki saba.

Siku anaruhusiwa aliniambia, "Mwanangu, nashukuru, mguu umepona. Sasa nani ataniponya hapa uliponiumiza wewe?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ashukuru yuko hai. Halafu nikaenda nyuma ya stoo, nikakaa juu ya kreti la soda, nikalia ndani ya kofia yangu mpaka ikaloa. Mtu mzima mimi, naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Haukupita mwezi akaletwa Albina.

Huyu ni binti wa huku Pito, nje kidogo ya mji, miaka ishirini na mitatu, mshonaji wa sare za shule. Ilikuwa Julai, watu wanavuna ulezi, na kwao walikuwa wamebandika motoni pipa la pombe ya wavunaji. Pipa likainama. Yeye akanyoosha mkono wa kulia kulizuia, likammwagikia. Uji wa pombe si maji. Ukimwagika haukimbii, unashika ngozi na kukaa pale pale. Mguu wa kushoto uliungua kuanzia pajani hadi kifundo, na mgongo wa mkono wa kulia ukaungua wote, vidole na kila kitu.

Daktari bingwa wa ngozi hizi, Daktari Yusto, alikuwa anakuja kwetu kutoka Mbeya mara chache. Akamkagua Albina, kisha akaniita dirishani. Akaniambia mguu uko tayari kubandikwa, lakini mkono bado una nyama mfu, usafishwe kwanza wiki mbili. "Nitarudi Jumanne ya wiki ya pili, Sista. Baada ya hapo naenda masomoni miaka miwili, na sijui ataletwa nani."

"Na ngozi ya mkono utaitoa wapi?" nilimuuliza. Paja la kushoto limeungua. Mgongoni na tumboni kisu chetu ni cha mkono, kinataka mahali palipotandaa.

"Paja lile lile la kulia," akasema. "Nilivune Jumanne hii, lipone, nilivune tena Jumanne ile. Siku kumi na nne. Lisipopona, sina ngozi, na vidole vile vitajikunja vikauke hivyo. Hatashika sindano tena." Akaninyooshea kidole, na mimi ni mkubwa kwake, lakini sikumkasirikia. "Mimi kazi yangu kukata. Cha kufunikia utachagua wewe."

Basi nikaingia stoo. Gozi kavu zilikuwepo hadi darini. Nikazipita kama sizijui. Kulikuwa na boksi la msaada lenye plastiki nyembamba zinazonata, zile unazoona kidonda kwa nje. Nzuri, lakini zilikuwa nne tu, ndogo, na nilishazijaribu: maji ya kidonda yanajikusanya chini yake, yanatafuta pa kutokea, yanamwagika kitandani, na ukishazibandua basi unaanza upya na huna nyingine. Kulikuwa na vipande vya sifongo vya msaada huo huo, tarehe zake zimepita tangu mwaka juzi. Na kulikuwa na bati tupu.

Nililitazama bati lile, nikakumbuka tulivyofundishwa chuoni: gozi ya mafuta unaweza kuitengeneza mwenyewe. Gozi yenye matundu madogo, mafuta safi, joto kavu. Matundu yapitishe maji ya kidonda, mafuta yazuie kugandana. Nilikuwa nimeufaulu mtihani wa jambo hilo kisha nikalisahau kwa miaka ishirini na sita.

Nikashuka mtaa wa Majengo, dukani kwa Mama Amin. Upepo ulikuwa ule wa Julai unaopenya hadi kwenye meno. Nikamwambia nataka mafuta ya mgando, meupe, yasiyo na harufu.

"Coleta, chukua haya ya waridi," akasema, "na wewe unukie kidogo, shemeji yangu asichoke."

"Shemeji yako amenizoea ninavyonuka dawa. Nipe yasiyo na kitu, Mama Amin. Ni ya kidonda."

Akapanda ngazi mwenyewe, akashusha kopo kutoka juu kabisa, akalifungua, akanusa, akanipa mimi ninuse, kisha akanusa tena. Akasema yale yanawafaa watoto wachanga, kwa hiyo yatanifaa. Nilikata gozi vipande upana wa kiganja, nikavipanga katika bati, tabaka kwa tabaka na mafuta yaliyoyeyushwa, si mengi hata matundu yazibe, nikaliingiza katika oveni ya vyombo vya upasuaji. Lilipotoka nililifunga kwa plasta nikaandika tarehe. Nilihisi kama binti aliyepika wali wake wa kwanza.

Jumanne Daktari Yusto akavuna. Nikasimama upande wa paja. Alipotoa ngozi, nikakandamiza pale kwa kitambaa chenye dawa ya kuzuia damu hadi damu ikatulia, nikalaza gozi yangu ya mafuta bila mkunjo hata mmoja, juu yake gozi kavu nene, juu yake pamba, juu yake bandeji. Yusto akatazama akasema, "Sasa kazi ngumu. Hilo la chini usiliguse mpaka nirudi."

Alijua anamwambia nani.

Naomba mnielewe: mimi kuacha kidonda siku kumi na nne bila kukifungua ni sawa na mlevi kupewa ufunguo wa kilabu akaambiwa alinde tu. Kila asubuhi nilipita na toroli. Mkono wa Albina niliusafisha kwa maji ya chumvi taratibu, na siku hizi kwa kulowesha hadi gozi iachie yenyewe. Mguu nao tuliufungua siku ya tano, ngozi imeshika vizuri. Paja nikalipita.

Mama yake, Kristiana, alikuwa anamuuguza. Mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na macho yake yanahesabu kila kitu. Siku ya tatu akaanza kuninunia. Aliona kitanda cha pili kinasafishwa, cha tatu kinasafishwa, mwanawe anarukwa paja. Akanung'unika kwa Kifipa na mwenzake wa kitanda cha jirani, akidhani mimi wa kuja. Mimi nimezaliwa huku huku. Alikuwa anasema nesi huyu mvivu, au anasubiri kitu, maana mkono mtupu haulambwi.

Siku ya nne akaja na kuku. Jogoo mzima, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, akamweka chini ya toroli langu, katikati ya wodi.

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawa ya moto. "Dada Kristiana," nikamwambia, "mchukue jogoo wako umpikie mgonjwa supu. Paja silioshi kwa sababu kuliosha ndiko kutaliua. Chini ya hii bandeji kuna ngozi inaota, laini kama utando wa maziwa. Nikifungua naichana."

"Kidonda kisichofunguliwa kinaoza," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Mwaka ule nilipomuuguza shangazi yangu hapa. Ulitugombeza wodi nzima."

Nikamwambia, "Basi nilikosea," na maneno yale yalinitoka kwa shida kama jino. Jogoo akaondoka. Nuno likabaki.

Siku ya sita paja likanuka.

Si sana, lakini pua yangu haidanganyiki, na bandeji ya nje ilikuwa imeloa na kuwa na rangi ya chai. Kristiana alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, ananitazama tu. Niliogopa, sitaficha. Niliona wiki saba za mzee Maximilian, nikaona na vidole vya Albina vimejikunja. Mkono wangu ulikwenda kwenye kibano wenyewe. Nikauzuia. Nikajiuliza maswali kama ninamuuliza mwanafunzi: Ana homa? Hana. Pembeni pamevimba, wekundu unasambaa? Hapana. Maumivu yanaongezeka?

"Albina, paja linauma leo kuliko jana?"

"Shikamoo Sista. Haliumi. Linawasha."

Nikashusha pumzi. Nikatoa bandeji, pamba na gozi kavu ya juu. Harufu ilikuwa mle, ya damu iliyolala. Ile ya mafuta ilikuwa imetulia chini, imelala sawasawa, hakuna usaha. Nikaweka vikavu juu, nikafunga. Halafu nikaenda kufagia stoo ambayo haikuhitaji kufagiliwa, nikafagia mara mbili.

Siku ya nane Albina alitembea kwenda chooni mwenyewe. Yule wa kitanda cha jirani, ambaye naye alitolewa ngozi pajani na kufunikwa gozi kavu na zamu nyingine, alikuwa hawezi hata kugeuka, na akisikia toroli linakuja anaanza kulia kabla halijafika. Kristiana akamtazama yule, akamtazama mwanawe. Siku ile alinisaidia kusukuma toroli.

Sasa niwaambie kuhusu raundi kuu. Kwetu kila Jumatatu mganga mfawidhi anapita wodi zote, na ni desturi ya zamani kuliko mimi kwamba vidonda vyote viwe vimefunguliwa saa mbili kamili asubuhi, ili mkubwa asisubiri. Wagonjwa wanalala wazi wanatetemeka, na mkubwa anaweza kufika saa tano. Jumatatu ya kwanza mganga alisafiri, tukapona. Jumatatu ya pili ilikuwa siku ya kumi na tatu, kesho yake Yusto anakuja.

Nilikuwa chumba cha upasuaji nikiandaa vifaa vya kesho. Niliporudi wodini nikamkuta Faith, nesi mpya, binti mwema, ameinama kwa Albina. Bandeji iko chini. Pamba iko chini. Gozi ya juu iko kwenye beseni. Kibano chake kimeshika ncha ya gozi ya mafuta.

"Achia," nikasema.

"Shikamoo mama. Metroni amesema vyote..."

"Achia kwanza, salamu baadaye."

Akaachia. Metroni Winifrida akatokea mlangoni. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyenifundisha kuvuta. Nilimwamkia, akaitika, kisha akaniambia mbele ya wodi nzima kidonda kifunguliwe.

"Metroni, hiki hakifunguliwi leo."

"Coleta. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu lilishaungua, Metroni. Mimi hapa napigania mkono."

Mtu mmoja akacheka mwisho wa wodi, akajifanya anakohoa. Metroni hakucheka. Alichukua kibano kutoka mkononi mwa Faith, akakisogelea kitanda. Hapo Kristiana akainuka kwenye kigoda chake. Akakunjua kitenge alichojitanda, akakifunika juu ya paja la mwanawe, kisha akakaa kitandani pale pale, mkono wake juu ya kitenge.

"Mama, toka tufanye kazi," Metroni akasema.

"Nitatoka kesho," Kristiana akasema. "Siku kumi na tatu nimemwona huyu sista anavyojizuia. Nimemwona anashika hicho chuma na kukirudisha. Mtu hajizuii hivyo bure."

Mimi nilidhani amenitazama kwa kunichukia siku zote zile.

Mganga mfawidhi, Daktari Eustace, akaingia na kundi lake. Kijana bado, ana miezi mitatu kwetu. Metroni akamshitakia. Daktari akanigeukia: "Sista, bila kuona utajuaje kama hapajaoza?"

"Nimeona kwa njia nyingine, daktari. Hana homa tangu siku ya kwanza. Anatembea. Haliumi, linawasha. Na tazama pembeni hapa." Nikamwomba Kristiana ruhusa, nikainua ukingo wa kitenge. Ncha za gozi ya mafuta zilikuwa zimekauka, zimejiinua kidogo zenyewe. "Pale palipokwisha kupona panaachia. Pasipopona bado panashika. Tukivuta sasa, tunachana pale panapotafuta siku moja tu. Na siku yenyewe ni kesho."

Aliinama akazikagua ncha zile. Halafu akasema, "Kesho Yusto atajionea. Lakini pakikutwa pameharibika, Sista, utajieleza kwa maandishi."

"Nitaandika mwenyewe na kujisainia," nikamwambia.

Siku ile nilipika ugali ukaungua, na mume wangu akaula wote, maana alijua kesho ni siku gani.

Jumanne Yusto alifika na vumbi la njia nzima. Albina akalazwa mezani, akalazwa usingizi. Metroni Winifrida alikuja kusimama pembeni, amevaa barakoa, mikono nyuma. Hakuwa ameingia mle kwa miaka mingi. Nikatoa bandeji. Nikatoa pamba. Nikatoa gozi kavu. Yusto akashika ncha ya gozi yangu kwa vidole viwili tu, akainua.

Haikugoma. Ilitoka nzima kutoka juu hadi chini, kama ganda la kitunguu kilichokauka. Chini yake paja lilikuwa jekundu la kung'aa, kavu, limefungika lote, hakuna tone la damu. Yusto akalipapasa kwa mgongo wa kidole, akapapasa tena. Kisha akanitazama, akasema neno moja la kikulima: "Limeiva."

Akachukua kisu, akavuna. Ngozi ikatoka ya kutosha mkono wote, vidole vyote, na kipande kikabaki. Wakati anashona ya mkono, mimi nikageukia paja langu. Bati lilikuwa kwa Metroni. Alikuwa ameshalifungua kwa koleo safi, ananinyooshea kipande cha gozi ya mafuta, kimenyooka, bila mkunjo.

"Na kile kidonda cha kitanda cha jirani," akasema taratibu, "zimebaki za kutosha?"

"Zimebaki, Metroni. Zikiisha nitapika nyingine."

Nilitoka nje na kofia ya upasuaji kichwani. Kristiana alikuwa amekaa ukutani juani. Nikamwambia, "Limevunwa. Mkono umepata ngozi." Akainuka akapiga kigelegele kimoja kirefu, wanawake wa foleni ya kliniki wakakidaka bila kujua kwa nini, kikazunguka uwanja mzima, na mimi nikapiga pia, na sare yangu, na miaka yangu yote. Mganga mfawidhi akachungulia dirishani. Jumatatu iliyofuata lilibandikwa tangazo la mstari mmoja: kidonda kitafunguliwa daktari akiwa kitandani, si kabla, na kile cha pajani hakifunguliwi hadi siku yake. Lilisainiwa na Winifrida.

Kabla ya hapo lakini, siku ya tano baada ya upasuaji, tuliufungua mkono. Yusto alikuwa ameshaondoka, nilikuwa mimi na Albina na mama yake. Nililowesha. Nikasubiri. Nikalowesha tena, nikasubiri tena, gozi ikaelea yenyewe. Ngozi ilikuwa imeshika kila mahali, hadi kati ya vidole.

Kwa wiki kadhaa tukamfanyisha mazoezi, kidogo kidogo, siku nyingine analia, siku nyingine analia mama yake. Asubuhi moja nilimpa kidole changu cha shahada nikamwambia, "Shika."

Vidole vyake vikakunjika, kimoja kimoja, vikanizunguka.

"Kaza."

Akakaza.

"Albina, kaza kama una hasira na mimi."

"Sina hasira na wewe, Sista."

"Basi kaza kwa niaba ya wengine wote."

Akakaza hadi kidole kikaniuma, kikawa chekundu, machozi yakanitoka, na nikamwambia asiachie.